Kahawa Aliyoitafuna Rutashobya

Ikumbukwe, kwa faida ya kumbukumbu za shule na za mbinguni, kwamba Nuriat Shaban hakufukuzwa. Alirudishwa nyumbani wiki mbili "kwa ajili ya kutafakari", na barua iliyosema hivyo ilikuwa na mihuri miwili. Kosa lenyewe lilikuwa hili: Jumatatu asubuhi, wasichana mia sita wakiwa mstarini, kipaza sauti cha ofisi kilitangaza, kwa sauti ya mkuu wa shule, kwamba maharage yamefutwa kuanzia siku hiyo na kila mwanafunzi aelekee bwaloni kwa utulivu kuchukua kipande chake cha nyama. Wakaelekea kwa utulivu. Mwalimu wa zamu naye akaelekea. Mkuu wa shule mwenyewe, ambaye wakati huo alikuwa chooni, alisikia sauti yake ikitangaza na kwa muda akawa hana uhakika kama si yeye.

Baba yake Nuriat, Shaban, fundi cherehani wa Hamugembe, Bukoba, aliisoma barua mara mbili akiwa amempa mkewe mgongo ili asionekane anacheka. Kisha akageuka na uso wa hakimu. Adhabu: wiki zote mbili kijijini Izigo, kwa mama mkwe wake, kuchuma kahawa. Mama yake Nuriat alizaliwa katika familia ya Kikatoliki ya Izigo akaolewa na Mwislamu wa mjini, na pande zote mbili zilikuwa zimeshakasirika na kuzoea kabla Nuriat hajazaliwa. Kwa hiyo binti alikuwa na nyumba mbili za kufanyia utundu, na wazee wa dini mbili wa kumkanya.

Bibi yake aliitwa Vestina. Alikuwa na miaka sitini na sauti iliyofahamika kutoka barabarani hadi kisimani, nzito kama ya mwanamume, yenye mluzi mdogo kila ilipopita kwenye pengo la jino la mbele. Ndiye aliyeongoza rozari ya jumuiya. Nuriat alipokuwa na miaka saba aliwahi kujificha nyuma ya migomba akaiga sauti ile, na wanawake watatu waliokuwa wakipita wakaitikia Salamu Maria bila kusimama.

Upande wa pili wa kibanja chake cha migomba, ng'ambo ya mstari wa mulamula, ile mimea tunayopanda kuonyesha mpaka, aliishi Immakulata. Wawili hao walitoka kijiji kimoja kule juu, ng'ambo ya Mto Kagera. Walikimbia pamoja kwa miguu wakiwa wasichana, mwaka 1978, majeshi ya Amin yalipoingia. Wote wakaolewa Izigo. Kwenye ule mstari wa mulamula palikuwa na pengo la upana wa wanawake wawili, lililotengenezwa na miaka arobaini na kitu ya kupeana chumvi na moto.

Alhamisi ya wiki ya kwanza, Bibi alimtuma Nuriat dukani kwa Privatus kununua sabuni. Privatus alikuwa ameegemea kaunta, simu yake imeinuliwa sauti hadi mwisho. Kutoka kwenye simu ile alikuwa anazungumza Bibi Vestina.

Wazo la kwanza la Nuriat, tuseme ukweli, lilikuwa wivu wa kikazi. Alidhani kuna mtu mwingine Izigo anayeweza kuiga sauti ile. Akasogea. Sauti ilisema kwa Kihaya, juu ya kinanda cha huzuni: "Wakaniuliza yuko wapi mwenye ng'ombe. Sikusema neno. Niliinua kidole hiki, nikaonyesha shimo la kuvundikia ndizi." Kwenye kioo palikuwa na picha ya msichana iliyochorwa na kompyuta, mwenye machozi makubwa kama mayai ya kanga na nywele ambazo hakuna mtu wa Kagera amewahi kuwa nazo. Chini yake maandishi: *Msichana Aliyenyoosha Kidole*. Waliotazama: elfu nne na mia moja.

"Huyu kama siyo bibi yako, mimi siyo Privatus," alisema Privatus.

"Bibi yangu hana hata tochi. Umeitoa wapi?"

"Ni wale wa mradi wa simulizi za vita, Sauti za Ng'ambo. Wametoa kionjo, Jumamosi ndiyo uzinduzi wenyewe Bukoba. Nilikuwa natafuta bando niirushe kwenye kundi la jumuiya, wazee waburudike."

Nuriat aliweka sabuni chini. "Privatus, sikiliza kwa makini. Ukiirusha, kesho nitapiga simu redioni kwa sauti yako, na nitatubu dhambi zako zote, moja baada ya nyingine, kwa majina ya wahusika."

Privatus alimtazama aone kama anatania. Kisha akaigeuza simu ikalala kifudifudi.

Bibi alikuwa anageuza kahawa iliyoanikwa kwenye mkeka. Nuriat alimweleza yote: sauti, kinanda, picha, idadi. Bibi hakuuliza kuhusu kinanda. Aliendelea kugeuza kahawa kwa kiganja, kisha akauliza jambo moja tu.

"Immakulata ameisikia?"

"Bado. Simu yake ni ya kubonyeza. Kwani yeye inamhusu nini?"

Bibi akakaa chini, palepale mkekani, juu ya kahawa, jambo ambalo kama Nuriat angelifanya angechapwa.

"Mwenye ng'ombe alikuwa Bartholomayo," alisema. "Baba yake Immakulata."

Nuriat akachuchumaa ukingoni mwa mkeka.

"Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Walinishika nywele. Nilionyesha. Wakamtoa shimoni, wakaondoka naye nyuma ya nyumba. Immakulata hakuwepo, alikuwa mtoni. Hajawahi kujua nani alionyesha. Tukakimbia pamoja, nimemshika mkono huu, kwa mkono huuhuu."

"Na ukawaambia watu wa mradi."

"Nilitaka niseme mara moja kabla sijafa. Mara moja tu, kwa mtu asiye padri wala jirani. Yule kijana Rutashobya alikuja akakaa hapo. Ni mtoto wa Kihaya, anajua adabu. Nikamwambia: ifungwe mpaka mimi na Immakulata tuwe wote chini ya udongo. Akakubali. Nikampa kahawa, akatafuna."

Hapa inafaa mgeni aelezwe. Katika nyumba ile, akamwani, yaani kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa na majani ya harufu kisha ikaanikwa, haikuwa kitafunwa cha kupitishia muda tu. Mgeni wa kawaida alipewa kwa kawaida. Lakini aliyekuja kwa neno zito, Bibi alimpa punje moja, mkononi, na kumtazama mpaka aimalize. Baada ya hapo neno lile halikuwa na njia ya kutoka. Bibi hakuwa na habari kwamba kuna watu wanaofunga maneno kwa namna nyingine.

Namna hiyo nyingine ilikuwepo, na Nuriat aliikumbuka sasa. Palikuwa na fomu. Yeye ndiye aliyeisoma. Alikuwa kidato cha kwanza, likizo, macho ya Bibi hayakuiona karatasi, na Rutashobya akasema, "Binti msomi atusaidie." Binti msomi alisoma kifungu cha kwanza kwa sauti ya askofu. Watu wakacheka. Cha pili na cha tatu akavisoma kama mtangazaji wa mpira. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Vilivyobaki, vyote vidogo na virefu, akavirukaruka, akaweka alama ya vema kwenye kila kisanduku kilichokuwa wazi, akamshikisha Bibi dole gumba kwenye wino. Kisha akatumwa kwenda kufukuza mbuzi.

"Jumamosi tumealikwa wote wawili," Bibi alisema. "Immakulata ameshapiga pasi kitenge."

Ofisi ya mradi ilikuwa Bukoba mjini, ghorofa ya kwanza, yenye mazulia na picha za wazee ukutani wakitazama mbali. Ijumaa asubuhi Nuriat alifika akiwa amevaa sare ya shule, kwa sababu sare huonekana ina haki zaidi. Rutashobya alimpokea kwa upole wa mtu aliyeusomea upole chuoni. Alikuwa na shati la bluu na kalamu nyingi zenye jina la mradi.

"Mjukuu wa Bi V.," alisema. "Kwetu anaitwa Bi V. Tunalinda utambulisho."

"Izigo nzima inamjua kwa mluzi wa jino."

"Uso umebadilishwa kabisa."

"Kwani nani Izigo anamjua kwa uso? Watu humsikia kabla hajatokea. Mmeficha kitu ambacho hakuna aliyekuwa anakitafuta."

Rutashobya alitabasamu. "Binti, ninaelewa hisia. Lakini jamii hupona kwa kusikia."

"Jamii ipi? Kesho atakaa kiti kimoja na mtoto wa mtu aliyeuawa, mumchezee ile sauti kwenye spika mbili, halafu mtawapa soda wapone?"

Tabasamu likapungua kidogo. Inaonekana hakuwa amewaza juu ya viti.

"Hatukuwa na taarifa kwamba familia ya marehemu ipo kwenye orodha."

"Alikwambia. Alikutajia jina. Alisema ifungwe mpaka wafe wote wawili."

"Inawezekana alisema kwa mdomo. Ila unajua, mdomo hauwekwi kwenye faili."

"Mradi wenu wote ni wa mdomo," alisema Nuriat. "Mnatembea na vinasa sauti vijiji vyote kukusanya midomo. Ni huo wa kusema hapana tu ndio haunasiki?"

Kwa jibu, Rutashobya alifungua kabati akatoa fomu. Dole gumba la Bibi, la zambarau. Alama ya vema kwenye kisanduku kilichosema *wazi kwa umma, kwa matumizi yoyote, sasa na baadaye*. Na chini, kwenye mstari wa shahidi, sahihi ya Nuriat Shaban, kidato cha kwanza, yenye mikunjo mitano na taji dogo juu ya herufi N.

Alilitazama lile taji. Hakuwahi kuchukia kitu alichokichora mwenyewe kama alivyolichukia lile taji.

"Nilikuwa na miaka kumi na minne," alisema. "Nilikuwa nachekesha watu. Wewe ulikuwa mtu mzima, umekaa pale, unaniona naruka vifungu. Ulicheka pia. Nakumbuka ulicheka."

"Wageni wa wafadhili wameshafika," Rutashobya alisema taratibu. "Kionjo kimepokelewa vizuri sana. Baada ya uzinduzi tutakaa kikao tuone." Kisha, kwa kuwa ni mtu mpole, akampa kalamu.

Nuriat aliipokea. Alifika ngazini kabla ya kugundua kwamba anaibana kama kisu.

Mfukoni alikuwa na kitu kingine. Miaka mitatu nyuma mradi ulimpa Bibi flashi yenye mahojiano yake yote, kama zawadi, na Bibi, asiye na kompyuta, aliiweka kwenye kopo la rozari. Asubuhi ile alikuwa amempa Nuriat kwa sharti moja: "Sikiliza mwanzo. Nikianza kusimulia, zima. Hayo siyo yako."

Kwenye duka la kuchapisha karatasi karibu na soko, Nuriat alivaa visikilizio. Kuku wakalia kwenye flashi, kuku wa nyumbani. Kisha Bibi: "Kabla sijasema, sema wewe. Utaifunga mpaka mimi na Immakulata tuwe wote chini ya udongo?" Na Rutashobya, kijana, kwa Kihaya safi cha mtoto aliyelelewa kuwaita wakubwa "waitu" kwa heshima: "Ndiyo waitu, nitaifunga." "Basi tafuna." Halafu, karibu kabisa na kinasa sauti, punje ya kahawa ikivunjwa na meno, mara moja, mara mbili, na mtu akimeza. "Haya," alisema Bibi. "Ilikuwa mwaka ule..."

Nuriat akazima. Kidole chake kilibaki juu ya kitufe. Msichana aliyewahi kusikiliza kwenye tundu la funguo la ofisi ya walimu kwa vipindi viwili mfululizo, alikuwa na siri nzima ya bibi yake sikioni, na hakuifungua. Alilia kidogo pale dukani, kwa hasira, na mwenye duka akadhani ni matokeo ya mtihani.

"Sikia mpango," alimwambia Bibi alipofika Izigo. "Kesho nitaiga sauti yako, nitasimama mimi..."

"Hapana."

"Bibi, nimekuomba ruhusa. Sijawahi kumwomba mtu yeyote ruhusa ya sauti yake."

"Ndiyo, umeniomba, nami nimekataa. Ninayo mwenyewe." Bibi alikuwa anafunga kanga. "Lakini leo kuna kazi nyingine kwanza. Lete kikapu cha kahawa."

Alipita kwenye pengo la mulamula jua likiwa bado juu. Nuriat alibaki kwenye pengo, kwa sababu hakuambiwa aje wala hakuambiwa aondoke. Immakulata alikuwa amekaa mbele ya mlango wake, anachambua maharage kwenye ungo. Kitenge cha kesho kilining'inia nyuma yake kwenye msumari.

"Karibu, Vestina. Mbona umejifunga hivyo, kuna msiba?"

Bibi hakukaa kwenye kigoda. Alipiga magoti chini, na kumwona bibi yake amepiga magoti kulimfanya Nuriat atamani kuvunja kitu. Hakuyasikia maneno yote. Yalikuwa machache, yalichukua muda mfupi kuliko sala ya kabla ya kula. Mikono ya Immakulata iliendelea kuchambua maharage, mabovu huku, mazima huku, mpaka ikasimama.

"Nilikukanda kwa maji ya moto ulipojifungua," alisema Immakulata.

"Ndiyo."

"Wewe ulinisaidia kumwosha mume wangu alipokufa."

"Ndiyo."

"Huku unajua."

"Huku najua."

Immakulata akautazama ungo. "Na kwa nini leo? Miaka yote hii, kwa nini leo?"

"Kwa sababu kesho wataisema kwenye spika. Nilitaka uisikie kwangu."

"Nani mwingine anajua?"

Bibi alimgeukia Nuriat. Ikabidi Nuriat aseme.

"Watu elfu nne, Bibi Immakulata. Jana. Leo sijui."

Immakulata alilirudia neno hilo kana kwamba analipima kama limekauka. "Elfu nne. Kabla yangu mimi." Alisimama, maharage yote, mazima na mabovu, yakamwagika. "Watu elfu nne wamemwona baba yangu akitolewa shimoni, wakala chakula chao cha jioni. Na mimi nimekaa hapa napiga pasi."

Bibi alisogeza kikapu cha kahawa.

"Ondoa kahawa yako," alisema Immakulata, akaingia ndani.

Jumamosi, ukumbi ulikuwa umejaa. Palikuwa na maua ya plastiki, wageni rasmi, na bango lenye yule msichana wa machozi, mrefu kuliko mlango. Mashahidi, wazee ishirini hivi kutoka ng'ambo ya mto, walipangwa mstari wa mbele kama vikombe vya ushindi. Immakulata alikuja. Alikuwa amevaa kitenge chake. Alipoonyeshwa kiti kando ya Vestina, aliendelea kutembea, akaketi mwisho kabisa wa mstari, na viti vitano vikabaki kati yao. Hakuna mwenye adabu aliyethubutu kuvikalia.

Rutashobya alihutubia juu ya kuvunja ukimya. Alisema ukimya ni adui. Alisema leo ukimya unavunjwa. Kisha akainua mkono, taa zikapunguzwa, na kinanda kikaanza.

Bibi Vestina akasimama. "Subiri," alisema.

"Bibi yetu, tukae kwanza," Rutashobya alisema kwenye kipaza sauti, kwa upole. "Kila kitu kina nafasi yake kwenye ratiba."

Kinanda kiliendelea. Yule msichana alitokea ukutani, mkubwa. Sauti ya Bibi ikajaza ukumbi mzima, mluzi na yote, "Wakaniuliza yuko wapi...", na Bibi mwenyewe amesimama chini yake, mdogo, mdomo umefungwa.

Ndipo ikasikika sauti ya tatu. Ilikuwa sauti ya mwanamke wa makamo mwenye digrii, miwani na fimbo, sauti iliyotawala mabweni manane kwa miaka kumi na moja.

"Wewe hapo kwenye mitambo. Zima hicho kitu. *Sasa hivi.*"

Fundi mitambo alikuwa amesoma shule ya bweni. Mkono wake ulizima kabla kichwa hakijauliza. Wageni rasmi wawili walikaa vizuri kwenye viti vyao, na mmoja akaificha bigijii aliyokuwa anaitafuna. Ukumbi mzima ulikuwa unamtafuta huyo mkuu wa shule, na katikati alisimama msichana wa miaka kumi na saba.

"Samahani kwa wenye sauti," alisema Nuriat kwa sauti yake mwenyewe. "Bibi, sema."

"Neno lile si la ukumbi huu," alisema Bibi Vestina. Hakuhitaji kipaza sauti. "Nililitoa kwa huyu kijana, alifunge. Sikulitoa kwenu. Ninyi sina ugomvi nanyi, hamkuambiwa kwamba mnakula cha wizi."

"Bibi, kuna fomu," Rutashobya alisema. Sauti yake ilikuwa bado ya upole, lakini sasa ilikuwa na haraka. "Tuna fomu iliyosainiwa, na shahidi ni huyuhuyu binti."

"Ni mimi," alisema Nuriat. "Niliisoma kwa mzaha, niliruka vifungu tisa, na sitajisamehe leo wala kesho. Hiyo ni fomu. Na hii ni dakika ya kwanza ya mahojiano yenu wenyewe, mliyoikata." Akamtazama Bibi. Bibi akatikisa kichwa kukubali. Nuriat akampa fundi flashi. "Dakika moja tu. Ukizidisha, nitamwita yule mama tena."

Fundi hakuzidisha. Kuku wa Izigo walilia kwenye spika za wafadhili. Utaifunga? Ndiyo waitu, nitaifunga. Basi tafuna.

Kisha ukumbi ukasikia Rutashobya akitafuna. Spika zilikuwa kubwa. Punje ilivunjika kama tawi kavu, mara moja, mara mbili, na koo likameza. Wageni kutoka mbali walitazamana, hawakuelewa kitu. Lakini mstari wa mbele wote uligeuka, wazee ishirini kwa pamoja, wakamtazama mdomoni. Rutashobya alipeleka mkono kwenye midomo yake, akajifuta, ingawa hapakuwa na kitu.

"Changamoto imepokelewa," alisema hatimaye. "Tutaifanyia kazi."

Mwishoni mwa mstari Immakulata akainuka.

"Mimi ndiye binti wa Bartholomayo," alisema. "Yangu na huyu," akaelekeza kidevu kwa Vestina bila kumtazama, "ni yangu na huyu. Sijui itakuwaje. Pengine nitakufa sijamsalimia. Lakini ilikuwa haki yangu nimkasirikie nikiwa wa kwanza kujua. Hiyo haki umenipokonya wewe, kijana. Ukampa kila mwenye simu. Baba yangu ameuawa mara moja na askari, na mara elfu nne na wewe, na kinanda juu."

Akatoka. Soda yake ilibaki mezani na kizibo chake.

Jumatatu kionjo kiliondolewa kwenye ukurasa wa mradi, pamoja na tangazo la masikitiko lisilotaja mtu aliyesikitishwa. Nuriat alitumia wiki yake ya pili ya kutafakari akipita nyumba kwa nyumba Izigo, na kwa Privatus mara tatu, akisimama mlangoni mpaka mwenye simu afute mbele ya macho yake. Waliokataa aliwatishia kwa sauti zao wenyewe. Alifuta kwenye simu thelathini na mbili. Zilizobaki zilikuwa kwa watu elfu nne na zaidi wasio na mlango anaoweza kubisha, na usiku alikuwa akiwahesabu badala ya kulala, na hesabu haikupungua. Alikuwa na hasira na Rutashobya, na kompyuta zote, na kile kitoto cha kidato cha kwanza kilichochora taji.

Kwenye pengo la mulamula nyasi zilianza kusimama.

Siku mbili kabla ya kurudi shule, Immakulata alikuja. Hakupitia pengoni. Alizunguka hadi barabarani, akaingia kwa mlango wa mbele kama mgeni, akaweka karatasi mezani mbele ya Nuriat. Ilikuwa fomu yake. Na yeye alikuwa shahidi wa mradi.

"Hata mimi nilisema mambo yangu mbele ya kile kinasa sauti," alisema. "Nisomee. Yote. Ukinichekesha nitakupiga."

Nuriat alisoma. Hakutumia askofu wala mtangazaji. Alitumia sauti yake, ambayo hakuwa ameizoea. Kwenye cha tisa Immakulata aliinua mkono.

"Rudia hicho."

"*Mradi una haki ya kutumia sauti ya mshiriki kwa matumizi yoyote, sasa na baadaye.*"

"Hicho ulimsomea Vestina?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Walikuwa wanacheka. Nilipenda wanavyocheka."

Immakulata aligonga karatasi kwa kidole. "Endelea."

Bibi Vestina alitoka jikoni. Aliweka kikapu kidogo cha kahawa katikati ya meza, akaenda kuketi mbali, karibu na mlango. Kwenye kifungu cha kumi na moja Immakulata alinyoosha mkono akachukua punje moja. Hakuitia mdomoni. Aliishika kwenye ngumi mpaka kifungu cha kumi na mbili kikaisha.

"Andika barua," alisema. "Andika kwamba naitaka sauti yangu irudi, na nakala zake zote, na zile walizowapa wengine. Na usiandike kwa upole."

Nuriat alitafuta kalamu. Iliyokuwepo nyumbani ilikuwa moja tu, ile yenye jina la mradi. Akaandika nayo, kurasa mbili, kwa nguvu, mpaka herufi zikatokea upande wa pili wa karatasi. Akaisoma yote kwa sauti, neno kwa neno, kabla ya kumpa wino wa kubonyeza dole gumba.

Immakulata akabonyeza. Akafuta kidole chake kwenye ukingo wa meza. Ile punje aliifunga kwenye pindo la kanga, fundo dogo la kukaza, akatoka kwa kupitia barabarani.